Ernesto Hoost, shampioni aliyeshindwa mara mbili na mtu mmoja na bado akachukua taji

Ernesto Hoost ni Muholanzi aliyeshinda mara 4 shindano kubwa la ngumi na mateke ulimwenguni, lile la K-1 World Grand Prix huko Japani. Alishinda mwaka wa 1997, 1999, 2000 na 2002. Katika historia yote ya shindano hilo, mtu mmoja tu alifikisha hesabu hiyo kisha yeye: Semmy Schilt, Muholanzi mwenzake, mwenye urefu wa metre 2 na santimetre 12. Hoost walimpa jina la Mr. Perfect, maana yake bwana asiye na kosa, juu ya namna alivyokuwa anapigana: bila hasira, bila haraka, kila pigo mahali pake.

Lakini ukiuliza wapenzi wa mchezo huu kuhusu taji la nne, lile la 2002, utasikia mabishano. Wengine wanasema alilipewa. Wengine wanasema hakuna taji alilolipia kwa damu kuliko hilo. Ili kila mtu ajue atasimama upande gani, ni lazima kwanza kueleza mtu huyu alitoka wapi na kazi yake ilikuwa ya namna gani.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa saba 1965 huko Hoorn, muji mdogo wa bandari kaskazini mwa Amsterdam. Familia yake ni ya asili ya Suriname, inchi ya Amerika ya Kusini iliyotawaliwa na Waholanzi mpaka tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1975. Wasuriname wengi walihamia Uholanzi, zaidi sana wakati wa uhuru, sawa vile Wakongomani wengi walienda Ubelgiji mpaka Bruxelles ikapata Matonge yake. Watoto wa familia hizo njo walijaza sehemu za mazoezi za Amsterdam na Rotterdam. Ukichukua orodha ya wapiganaji wakubwa wa Uholanzi wa miaka 30 iliyopita, majina ya asili ya Suriname na ya Maroko yamejaa humo, na hilo si jambo la kushangaza: klabu ya ngumi haikuulizi diploma wala jina la baba yako.

Na kwa nini Uholanzi, inchi ya baiskeli na maziwa? Jibu liko Japani. Mchezo wenyewe, pamoja na jina lake la kikiboksi, ulitengenezwa huko katika miaka ya 1960 na muandaaji wa mapigano ya boksi aliyeitwa Osamu Noguchi. Aliona namna Wathailand wanapiga mateke na magoti, akaona namna watu wa karate wanapigana, akachanganya na ngumi za boksi. Mapigano ya kwanza yenye jina hilo yalifanyika mwaka wa 1966. Kisha Muholanzi mmoja, Jan Plas, alienda kujifunza Japani kwa mwalimu Kenji Kurosaki, akarudi na kufungua Mejiro Gym huko Amsterdam mwaka wa 1978. Thom Harinck naye alikuwa na klabu yake ya Chakuriki. Hoost yeye alikomalia kwa Johan Vos, katika Vos Gym, muji uleule. Klabu hizo zilishindana sawa ekipe za mpira za mitaa, kila moja na watu wake, kila moja na kelele zake, na kutoka humo ikatokea namna ya kupigana ambayo leo inaitwa mtindo wa Kiholanzi: ngumi nyingi za boksi zinazofuatana, halafu teke zito la mwisho.

Hoost alianza akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Mbele ya kujulikana Japani alikuwa tayari ameshinda mataji katika ngumi za Kithailand na katika savate, ile boksi ya Kifaransa ya mateke ambayo wazee wetu waliosoma kwa mapadri wanaijua kwa jina angalau. Wakati ule hakuwa mtu wa uzito mkubwa. Alipanda uzito pole pole kwa miaka, na hilo linaeleza mengi: alijifunza kazi akiwa mwepesi, akipigana na watu wenye mbio, kisha akaenda na akili hiyo kwa watu wazito.

Tuingie kidogo ndani ya kazi yenyewe, juu hapa njo wengi wanakosea. Watu wanaangalia kichwa. Wanangoja ngumi ya kidevu na mtu aanguke, kao, mambo yaishe. Hoost alikuwa anaanzia chini. Silaha yake kubwa ilikuwa teke la paja. Anapiga kwa mfupa wa mbele wa mguu, ule ulio chini ya goti, akilenga nyama ya paja ya adui juu kidogo ya goti. Teke moja la namna hiyo linauma. La tatu linafanya mguu ufe ganzi. La sita, mtu hawezi tena kuweka uzito wake juu ya mguu huo, na mtu asiyeweza kusimama vizuri hawezi kupiga ngumi yenye nguvu, kwa sababu ngumi inatoka miguuni. Huyo adui bado ana mikono miwili mizima, bado ana moyo, lakini amekuwa sawa gari lisilo na gurudumu moja.

Adui anaweza kujikinga kwa kuinua mguu, teke likutane na mfupa badala ya nyama. Ndiyo maana Hoost hakupiga teke hilo peke yake. Alitanguliza ngumi. Mkono wa kushoto unaingia kwa mbavu, upande wa ini. Adui anakaza mwili, anashusha viwiko, uzito wake unabaki juu ya mguu wa mbele. Wakati huohuo mwili wa Hoost mwenyewe, kwa kuzunguka na ile ngumi ya kushoto, umeshakuwa tayari kwa teke la kulia. Teke linafika na mguu wa adui bado uko chini. Wafundishaji wa ulimwengu mzima wanafundisha mfuatano huo mpaka leo, na wengi wao wanapoufundisha wanataja jina lake.

Sasa Japani. Mwaka wa 1993 Kazuyoshi Ishii, mkubwa wa chama cha karate kinachoitwa Seidokaikan, alianzisha K-1. Herufi K ilitaka kubeba michezo yote inayoanza nayo, karate, kikiboksi, kung-fu, na hesabu 1 ilimaanisha kwamba mwisho anabaki mmoja. Wapiganaji 8, usiku mmoja, hakuna kikomo cha uzito. Atakayechukua taji atapigana mara 3 usiku huohuo. Raundi ni 3 za dakika 3, mateke na magoti yanaruhusiwa, viwiko hapana.

Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 30 mwezi wa ine 1993, Tokyo. Hoost alimshinda Peter Aerts, kisha akamwangusha Mmarekani Maurice Smith kwa teke la kichwa. Katika fainali alikutana na Branko Cikatić, Mkroati wa miaka 38 ambaye wengi walimuona mzee. Mkono wa kulia wa mzee huyo ukamlaza Hoost raundi ya kwanza.

Ilimchukua Hoost miaka 4 kutoka kwenye fainali hiyo mpaka taji lake la kwanza. Mwaka wa 1996 alifika nusu fainali na akashindwa na Andy Hug, Mswisi wa karate. Mwaka uliofuata, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1997, katika Tokyo Dome, wawili hao walikutana tena, mara hii katika fainali, na Hoost akashinda kwa pointi, waamuzi wote wakikubaliana. Hug hakuzeeka. Alikufa Tokyo tarehe 24 mwezi wa munane 2000 kwa kansa ya damu, umri wake miaka 35, na Japani ilimlilia sawa mtoto wake.

Mataji ya 1999 na 2000 hayana mabishano. Katika fainali ya 1999 Hoost alimmaliza raundi ya tatu kijana mmoja kutoka Kroatia, Mirko Filipović, ambaye baadaye alikuwa jina kubwa zaidi katika mapigano ya mchanganyiko na hata akakaa bungeni huko kwao. Mwaka wa 2000 alimshinda Ray Sefo wa New Zealand kwa pointi.

Kisha kukaja Bob Sapp.

Sapp alikuwa Mmarekani aliyetoka katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira kwa mikono. Uzito wake ulikuwa kama kilo 170. Hoost wakati huo alikuwa kati ya kilo 105 na 110, umri miaka 37. Tofauti yao inapita mfuko mzima wa simenti. Sapp hakujua kazi vizuri: hakujua kujikinga mguu, pumzi yake ilikuwa fupi, ngumi zake zilienda sawa mtu anayefukuza nyuki. Lakini zilikuwa ngumi za kilo 170. Wajapani walimpenda mno. Alikuwa kila siku kwenye televisheni, katika matangazo ya biashara, na waandaaji waliona feza zinaingia. Kuna wakati mchezo unaacha kutafuta mpiganaji bora na unaanza kutafuta mtu ambaye watu watalipa kumuona. K-1 ilikuwa imefika pale.

Tarehe 5 mwezi wa kumi 2002, huko Saitama, pigano la kwanza. Sapp alimkimbilia Hoost kutoka dakika ya kwanza, akamsukumia kwenye kamba, akapiga bila mpango. Hoost alipasuka. Raundi ya kwanza ilipoisha daktari aliangalia kidonda na kusimamisha pigano. Ulimwengu wote wa mchezo huu ukashangaa: shampioni wa mara 3 ameshindwa na mtu ambaye mwaka uliotangulia hakuwa mpiganaji wa K-1.

Miezi miwili kisha pale, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2002, Tokyo Dome, zaidi ya watu 70.000 ndani. Siku ya fainali, watu 8, na pigano la kwanza la Hoost ni Sapp tena. Mara hii Hoost alikuja na mpango. Aliacha kichwa, akatafuta mwili, na ngumi ya ini ikampata. Sapp akashuka chini. Mtu wa kilo 170 amepiga magoti na Tokyo Dome yote imesimama. Lakini Sapp aliinuka. Katika raundi ya pili alirudi na mbio zilezile, Hoost akabaki kwenye kona akipokea, na mwamuzi akasimamisha. Mara mbili, miezi miwili, mtu uleule.

Hapo mambo yangeisha. Lakini Sapp alikuwa amevunja mkono wake katika kumpiga Hoost, hakuweza kuendelea, na K-1 ilihitaji mtu wa nusu fainali. Wakamrudisha Hoost.

Fikiria hali yake. Mtu wa miaka 37 ametoka kupigwa mpaka mwamuzi amemwonea huruma, yuko chumbani anasafishwa uso, na wanakuja kumwambia avae tena glavu. Hakuna mtu angemlaumu kama angekataa. Alirudi. Katika nusu fainali Ray Sefo aliumia mguu na hakuweza kuendelea. Fainali ikabaki na Jérôme Le Banner, Mfaransa wa Le Havre, mtu mwenye ngumi nzito kuliko wote wa wakati ule, na usiku huo wengi walimpa yeye taji mbele ya kengele kulia.

Le Banner aliongoza mwanzoni. Hoost hakubishana naye kwa ngumi. Alipiga mateke ya kulia, na Le Banner aliyazuia kwa mkono wa kushoto. Akayazuia tena. Na tena. Mkono unaozuia mateke ya mtu wa kilo 105 si mlango wa chuma. Katika raundi ya tatu ulivunjika. Le Banner, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia, aliendelea na mkono unaoning'inia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka pigano likasimamishwa. Hoost akawa shampioni kwa mara ya nne usiku ambao alianza kwa kupigwa.

Alilipewa taji hilo? Mimi naona swali limewekwa vibaya. Sapp alimshinda, hilo halibishwi, na mtu akisema Hoost ni mkubwa kuliko Sapp anapaswa kukubali kwamba ulingoni ilikuwa 2 kwa 0. Lakini sheria ya shindano lile ilikuwa mapigano 3 usiku mmoja, na sehemu ya kazi ni kutoka kila pigano ukiwa bado unaweza kupigana. Hoost alifundishwa namna ya kupiga bila kujivunja. Sapp alivunja mkono kwa mtu aliyekuwa tayari anashindwa. Hiyo pia ni tofauti kati ya mwenye kazi na asiye nayo. Lililokosewa ni pale juu zaidi, kwa waandaaji waliokubali tofauti ya kilo 60 juu ya tiketi. Kwetu tunaopenda kukumbuka pigano la Ali na Foreman pale Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, tunasema daima kwamba akili inashinda nguvu. Ndiyo, lakini Foreman alimzidi Ali kilo chache tu. Ukiona gala ya mtaani ambapo hakuna mizani wala daktari, usimwambie kijana wako habari za Ali, mrudishe nyumbani.

Kisha 2002 upepo ulibadilika kwa wote. Ishii aliacha uongozi wa K-1 na baadaye alihukumiwa kwa kukwepa kodi. Mwezi wa tatu 2003 Filipović, yule kijana aliyelazwa na Hoost, alimwangusha Sapp raundi ya kwanza kwa mkono wa kushoto ulioumiza mfupa wa jicho. Sapp hakuwa tena yule wa kuogopwa, na katika miaka iliyofuata alijulikana zaidi kwa kushindwa haraka.

Pigano la tatu kati yake na Hoost lilipangwa kufanyika Amsterdam tarehe 13 mwezi wa tano 2006. Lilikuwa pigano la Hoost la kuagana na watu wa kwao. Usiku wenyewe, watu wameshakaa, Sapp akaondoka jengoni kwa sababu ya ugomvi wa kontra na waandaaji. Aliyeokoa jioni ni Peter Aerts, adui wa tangu 1993, aliyekuwa amekuja na nguo zake za heshima bila mpango wa kupigana. Alivua suti, akatafutiwa kaptula, akaingia ulingoni. Na akashinda kwa pointi, maana urafiki ni urafiki na kazi ni kazi. Hoost alimaliza mwaka huohuo Tokyo Dome, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili, katika nusu fainali aliposhindwa kwa pointi na Schilt, yule aliyekuja kulingana naye kwa mataji. Mwaka wa 2014, akikaribia miaka 50, alipanda tena ulingoni Japani, lakini hiyo ilikuwa zaidi furaha ya wazee.

Aliondoka wakati mzuri. Kampuni iliyoendesha K-1 ilianguka kifeza miaka michache tu kisha pale, na wapiganaji kadhaa walisema hadharani kwamba hawakulipwa feza zao. Mwaka wa 2012 kampuni nyingine, Glory, ikachukua nafasi kubwa zaidi katika mchezo huu, na safari hii kukawa na mizani: kila mtu na uzito wake.

Humo njo tunakuta mtoto wa kwetu. Danyo Ilunga, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1987 na kupigania Ujerumani, alifika fainali ya shindano la Glory huko New York tarehe 22 mwezi wa sita 2013, katika uzito wa chini ya ule wa wakubwa. Mbele yake alisimama Tyrone Spong, Muholanzi aliyezaliwa Paramaribo, muji mkuu wa Suriname, mtoto wa njia ileile aliyoifungua Hoost. Lilikuwa tena shindano la usiku mmoja, na Spong alikuwa amemaliza nusu fainali yake kwa sekunde chache tu, kwa hiyo alipanda ulingoni na pumzi yake yote. Ilunga alisimamishwa raundi ya kwanza.